Ganeti ya kijani hutokana na nini?

Ganeti si aina moja ya madini. Ni jamii nzima ya madini yenye muundo mmoja wa fuwele: silikoni na oksijeni zimo ndani ya kila moja, kisha hubaki nafasi mbili zinazojazwa na metali mbalimbali. Almandini, ganeti nyekundu inayoonekana sana kwenye miamba, ina chuma na alumini. Ganeti za kijani zinazojulikana zaidi zina kalsiamu katika nafasi ya kwanza. Rangi huamuliwa hasa na kinachoingia katika nafasi ya pili.

Ikiingia alumini, ganeti hiyo huitwa grosula, na ikiwa safi haina rangi kabisa. Vanadiamu au kromiamu kidogo ikishika mahali pa sehemu ya alumini, fuwele humeza mwanga mwekundu na wa zambarau na kuuachia wa kijani upite. Hiyo ndiyo tsavoraiti. Nafasi ikishikwa na kromiamu kwa wingi, tunapata uvarovaiti, ya kijani kilichokolea mno, ila fuwele zake ni ndogo na ni nadra kufaa kuchongwa kito.

Asili ya tsavoraiti inastaajabisha, maana ilianza na tope la baharini. Tope lenye mabaki ya viumbe hunasa vanadiamu iliyo majini. Miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana na kuunda Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, tope hilo lilizikwa chini sana, likabanwa na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Mabaki ya viumbe yakageuka madini ya kinywe (grafiti, ile nyeusi ya penseli), tope likawa naisi, mwamba mgumu wenye michirizi, na matabaka ya chokaa ya jirani yakawa marumaru. Hapo kalsiamu na vanadiamu zikakutana. Ndiyo maana wachimbaji hufuata naisi nyeusi yenye kinywe inayopakana na marumaru. Jiwe lenyewe mara nyingi hukaa humo kama donge la mviringo lililofunikwa gamba la madini mengine. Ukilipasua, kijani kiko katikati, kimejaa nyufa. Kwa hiyo kito safi cha zaidi ya karati 3 ni adimu kwelikweli.

Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta tsavoraiti Tanzania mwaka 1967, na baadaye Kenya, upande wa Taita. Kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ilipoanza kuiuza mwaka 1974 iliipa jina la mbuga ya Tsavo.

Demantoidi nayo ni ya kijani, lakini ni ya aina ya ganeti iitwayo andradaiti, yenye chuma katika nafasi ya pili. Ile ya milima ya Ural, Urusi, ilizaliwa ndani ya serpentini, mwamba uliotokana na mawe ya tabaka lililo chini ya gamba la dunia, yenye kromiamu ya kutosha. Ndani yake mara nyingi huonekana nyuzi nyembamba za asbesto zilizotawanyika kutoka sehemu moja, na kwa wapima vito hiyo ni alama kubwa ya kuitambua.