Nani Anaongea Kiswahili Jukwaani? Tamthilia za Uhamishoni na Kumbukumbu ya Siasa Uganda

Mwambie mzee wa Kampala "panda gari" uone kama atawaza safari. Atakumbuka miaka ya 1980: askari wamezingira mtaa alfajiri, watu wanasombwa kwa malori, na wengine hawakurudi. Kabla ya hapo palikuwa na "mafuta mingi", jina walilobandikwa waliogawiwa maduka ya Waasia baada ya Amin kuwapa siku 90 za kuondoka nchini mwaka 1972. Mswahili wa pwani atataka kutusahihisha, atuambie ni mafuta mengi. Asijisumbue. Sisi tumeihifadhi historia pamoja na sarufi yake.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka za sanaa za maonyesho, na walimu huniuliza kama tamthilia inaweza kutumika darasani kuwa ushahidi wa yaliyotokea. Ushahidi wa nani alimuua nani, hapana. Hiyo ni kazi ya tume na mahakama, nazo kwetu zilikwenda mwendo wa kinyonga. Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea mwaka 1974. Ripoti yake haikutolewa kwa wananchi. Tume ya Jaji Arthur Oder iliundwa 1986 kuchunguza maovu yaliyotendwa tangu uhuru wa 1962, ikatoa ripoti 1994. Katika miaka hiyo ya kungoja, aliyetaka kujua nani wa kujibu aliuliza kwa mafumbo, na jukwaani ndipo mafumbo yalipopata watu wa kuyafumbua.

Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Maonyesho la Taifa pale Kampala, aliuliza akiwa nyumbani. Mchezo wake wa Kiganda kuhusu kuku na tamaa ya ufalme ulipelekwa kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, Lagos, mapema 1977. Muda mfupi baada ya kurejea alikamatwa, akauawa. Robert Serumaga alishika njia nyingine: pamoja na kundi lake la Abafumi alitunga hata mchezo usio na mazungumzo kabisa, mwili na ngoma vikabeba kisa chote. Mkaguzi angefuta mstari gani? Baadaye alikwenda uhamishoni, akajiunga na waliopigana na Amin, na 1979 akawa waziri. Alifariki Nairobi mwaka uliofuata. Hilo la uwaziri nalitaja kwa makusudi: msanii wa uhamishoni si malaika, ana upande wake, na mtazamaji ana haki ya kuujua.

Ninayemrudia zaidi ni John Ruganda, mwandishi wa hapa Uganda aliyekuwa Nairobi alipoandika The Floods, tamthilia iliyochapishwa 1980. Ina watu watatu wa kukumbukwa. Bwogo ni mkubwa wa chombo cha usalama ambacho jina lake rasmi lilikuwa la utafiti. Ungedhani walikuwa wanatafiti mihogo. Kyeyune ni mvuvi mzee ambaye ziwa limempa maiti mahali pa samaki. Wa tatu ni Nankya, msomi, tena mpenzi wa Bwogo. Ingekuwa rahisi kumweka Bwogo kizimbani peke yake, sisi wengine tukakaa upande wa mvuvi. Ruganda hakutupa nafasi hiyo. Kwa kumweka Nankya kati yao, aliwauliza wenye elimu walifaidi nini katika miaka ile, na walinyamaza kwa bei gani. Darasani mimi huanza na Nankya, kwa sababu wanafunzi wote tayari wana jibu kuhusu Bwogo.

Na sasa Kiswahili chenyewe. Kwa miaka mingi, mtu akiongea Kiswahili kwenye maigizo ya Kampala, watazamaji walijua ni askari au mwizi kabla hawajaona nguo zake. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi wa kusini kikabaki na harufu ya kizuizi cha askari barabarani. Katiba ilikiweka kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sikio halirekebishwi na Bunge.

Wanaolirekebisha ni wakimbizi. Uganda inawahifadhi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo, na makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa Mkongo wa Bukavu au Bunia, Kiswahili ni cha mama, cha soko na cha sala. Akiigiza kwa lugha hiyo, anayelia ndiye anayeisema, na Mganda aliyekaa kwenye kiti hana tena mahali pa kuiweka ile hofu yake ya zamani.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Jeshi la Uganda liliingia Kongo mwaka 1998. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria, na Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Kwa hiyo askari aliyemo katika kumbukumbu ya Mkongo wa Nakivale anaweza kuwa ametoka Mbarara au Lira, hapa hapa Uganda. Ruganda akiwa Nairobi aliweza kuitaja Kampala bila kumgusa mwenyeji wake. Mkimbizi huyu anaigiza kwa mwenyeji anayehusika na kisa, huku karatasi zake za ukimbizi zikitoka kwa mwenyeji huyo huyo. Akimvika askari sare isiyo na bendera, tusiharakishe kusema ameogopa. Tujiulize kwanza kama tungekuwa tayari kuiona bendera yenyewe.

Kwa vikundi vinavyotaka kuigiza visa hivi, nina ombi. Ukichukua simulizi ya mtu aliyeumizwa, mrudie kabla ya onyesho, umwoneshe ulichokifanya, na akikataa jina lake au kijiji chake kitajwe, kitoe. Hifadhini miswada hata iliyochorwachorwa kwa kalamu, kwa kuwa michezo mingi ya Kiganda haikuchapwa, ikazikwa na waigizaji wake. Andikeni tarehe, ukumbi, na lugha aliyotumia kila mhusika. Halafu andikeni watazamaji walicheka wapi. Nimekaa kwenye kumbi ambako askari anaingia, anafoka "wewe, kuja hapa!", na ukumbi mzima unaangua kicheko, isipokuwa wazee wachache wa safu za nyuma.