Mshahara unaovuka mpaka: nani anazibadilisha fedha zako, na wapi?

Kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye dawati la malipo ya nje, na wanaonijia mara nyingi zaidi si wafanyabiashara wakubwa. Ni watu wanaolipwa mshahara, pensheni au kodi ya nyumba katika nchi moja huku wakiishi au kulipa mkopo katika nchi nyingine. Karibu wote huanza kwa kuuliza ada ya kutuma ni kiasi gani. Nami huwauliza: fedha zako zitabadilishwa na nani, na zitabadilishiwa wapi? Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na hakuna risiti inayopaandika kwa herufi kubwa.

Tufanye hesabu. Unahamisha dola 3,000 kila mwezi kwenda akaunti ya euro. Tuseme kiwango cha kati cha soko siku hiyo, yaani kile kilicho katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni euro 0.90 kwa dola. Ungetarajia euro 2,700. Benki yako inakupa 0.873, kwa hiyo unapata 2,619. Tofauti ni euro 81 kwa mwezi, 972 kwa mwaka. Kwenye fomu utaona ada ya dola 20 tu na kuridhika kwamba umetuma kwa bei nafuu. Zile euro 81 hazikuandikwa popote kama ada. Zimo ndani ya kiwango chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha benki na kampuni za kutuma fedha, uliza jambo moja tu: nikitoa kiasi hiki leo, mpokeaji anapata kiasi gani kamili mkononi? Jibu hilo limebeba ada na kiwango kwa pamoja.

Fedha zinaweza kubadilishwa sehemu tatu: kwa mwajiri anayekulipa, kwenye benki inayotuma, au kwenye benki inayopokea. Ninayoihofia zaidi ni ile ya tatu. Ukituma dola kwenye akaunti ya euro bila kuzibadilisha, benki ya huko itazibadilisha yenyewe kwa kiwango chake cha siku, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza kama umekubali.

Kuna kosa baya zaidi ya hilo, na nimeliona kwa macho yangu. Muuguzi mmoja aliniwekea mezani taarifa mbili za akaunti, ya kutuma na ya kupokea. Analipwa kwa dola, na kule anakopeleka ana akaunti ya dola. Lakini taarifa ya kwanza ilionyesha dola zikigeuzwa euro, na ya pili euro zikigeuzwa dola. Fedha zilikuwa zinabadilishwa mara mbili kila mwezi ili zirudi kuwa zilezile, zikiwa zimepungua. Chanzo kilikuwa kisanduku kimoja kwenye fomu ya mtandaoni, "sarafu ya malipo", ambacho mfumo hujijazia sarafu ya nchi ya mpokeaji. Sarafu ya nchi na sarafu ya akaunti si kitu kimoja.

Sasa njia yenyewe. Wengi hudhani SWIFT husafirisha fedha. SWIFT, mtandao wa mawasiliano wa benki ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao yake Ubelgiji, husafirisha ujumbe. Fedha huhama kwa kuandikwa kwenye akaunti ambazo benki hufungua baina yao. Benki yako isipokuwa na akaunti kwenye benki ya mpokeaji, malipo hupitia benki wakala moja, wakati mwingine mbili, na kila moja inaweza kumega chake njiani. Ndiyo maana fomu inakuuliza nani alipe makato. OUR maana yake mtumaji analipa yote. SHA, kila upande hulipa ya kwake. BEN, yote hukatwa kwa mpokeaji. Ukituma akiba yako mwenyewe, SHA inatosha. Ukilipa mkopo wa nyumba unaotaka kiasi kamili hadi senti, chagua OUR, la sivyo utaanza kudaiwa vijideni vya dola 15 huku wewe ukijua umelipa.

Euro ndani ya Umoja wa Ulaya ni habari nyingine. Benki hairuhusiwi kukutoza uhamisho wa euro kwenda nchi nyingine ya Umoja zaidi ya inavyotoza ule wa ndani ya nchi. Kwa hiyo anayelipwa na kupokea kwa euro huko hana haja ya njia ya SWIFT na benki wakala. Aombe uhamisho wa SEPA, mfumo wa Ulaya wa malipo ya euro, basi.

Namba za akaunti nazo zina tabia zao. IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, haizidi herufi na tarakimu 34, lakini urefu hutegemea nchi: Norwei 15, Ujerumani 22, Ufaransa 27. Tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi ni za ukaguzi. Ukikosea tarakimu moja, mfumo utaikataa IBAN hiyo. Lakini tarakimu hizo hazikulindi ukiandika IBAN sahihi ya mtu mwingine. Marekani haitumii IBAN kabisa. Huko utaombwa namba ya benki ya tarakimu 9 pamoja na namba ya akaunti. Na jina liandike kama lilivyo kwenye akaunti ya kupokea, si kama unavyoitwa kazini. Mtu aliyeolewa akabadilisha jina kwenye pasipoti lakini si benki, malipo yake hukwama mezani kwetu kila mara.

Kwa kuwa mapato yako ni ya kila mwezi, utataka agizo la kudumu, yaani benki itume yenyewe kila mwezi. Amua kwanza kiasi kipi kisibadilike. Ukiweka dola 1,000 kamili, upande wa pili utapokea kiasi tofauti kila mwezi. Ukiweka euro 900 kamili, kiasi kinachokatwa kwenye akaunti yako hapa ndicho kitakachopanda na kushuka, kwa hiyo acha ziada, maana agizo lisilo na salio la kutosha huenda lisitekelezwe. Usiliweke kesho ya siku ya mshahara. Mshahara ukichelewa kwa sababu ya wikiendi, agizo litakuta akaunti tupu. Mimi hushauri siku tatu au nne za kazi katikati, ukihesabu sikukuu za nchi zote mbili.

Malipo ya kwanza karibu daima huulizwa maswali. Benki inatakiwa kujua chanzo cha fedha kwa sababu ya sheria dhidi ya utakatishaji fedha. Peleka mkataba wa ajira na slipu za mshahara kabla hujaombwa, na kwenye sehemu ya maelezo andika "mshahara wa Machi" badala ya kuiacha wazi. Tafadhali usigawe kiasi kimoja kuwa vipande vidogo ukidhani utakwepa maswali. Mgawanyo huo wenyewe ndio unaoamsha kengele.

Kuhusu kodi nitasema machache. Akaunti yako ya nje haijifichi: chini ya CRS, mfumo wa kupashana taarifa za akaunti ulioandaliwa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), zaidi ya nchi na maeneo 100 hubadilishana taarifa za akaunti za wakazi wao. Na kitendo cha kuleta fedha nchini kinaweza chenyewe kuwa na maana ya kodi. Thailand ilibadilisha msimamo kuanzia 1 Januari 2024 na kutoza mapato ya nje yanayoletwa na mkazi hata kama aliyapata mwaka ulio kabla ya ule wa kuyaleta, mradi aliyapata kuanzia 2024. Uingereza nayo, kuanzia 6 Aprili 2025, ilifuta utaratibu wake wa kutoza mapato ya nje ya wakazi fulani pale tu yanapoletwa nchini. Muulize mtaalamu wa kodi wa nchi unayoishi kabla ya uhamisho wa kwanza, si baada ya mwaka.

Malipo yakipotea njiani, usikubali kuambiwa "subiri". Omba UETR, namba ya ufuatiliaji yenye alama 36 ambayo malipo hubeba kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiwa nayo, benki inaweza kuona yamekwama kwa nani, na kama yamemegwa, yamemegwa na nani.

Yule muuguzi tulibadilisha kisanduku kimoja, kisha tukatuma dola 50 za majaribio kabla ya mwezi kuisha. Siku mbili baadaye alinitumia picha ya taarifa ya upande wa pili: mstari mmoja, dola, bila kiwango chochote cha kubadilisha. Ndipo tukaweka agizo la kudumu.