Patina: weusi ambao mkusanyaji wa panga za kale haufuti

Mtu anayepata upanga wa kijeshi wa karne ya 19 kwa mara ya kwanza huukuta umefifia, wa kijivu kinachoelekea weusi, na mkono wake hukimbilia msasa. Anaona kwamba upanga huu ulitoka kiwandani uking'aa, basi aurudishe ulivyokuwa. Kwa maoni yangu hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika kazi hii yote, na neno linaloeleza sababu ni patina.

Patina ni utando mwembamba unaojijenga juu ya madini kwa miaka mingi, kutokana na hewa, unyevu kidogo kidogo, mafuta na mikono ya watu. Kwenye ubapa wa upanga huwa ya kijivu, kahawia au nyeusi. Kwenye kipini cha shaba ya manjano hukolea kama asali, na kuwa nyeusi zaidi ndani ya mikunjo ya nakshi. Wapo wanaoighushi kwa tindikali ili upanga mpya uuzwe kama wa kale. Patina ya namna hiyo mara nyingi huenea sawasawa kila mahali, hata pale ambapo vidole vya mshikaji vingekuwa vimeisugua ikaisha.

Wengi huichanganya na kutu. Kweli zote mbili huzaliwa chuma kinapokutana na oksijeni, lakini tabia zao ni mbali kabisa. Kutu nyekundu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huvimba na kubanduka, ikaacha chuma kipya wazi, nacho kikaanza kuliwa. Oksidi nyeusi hushikamana na chuma na kukifunika, na ulaji hupungua. Ukitaka kujua unashika ipi, pitisha kitambaa cheupe kikavu juu ya ubapa. Kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, hiyo ni kutu hai na haifai kungoja. Kikitoka safi, uache upanga ulivyo.

Sababu ya kuilinda patina si urembo tu. Juu ya ubapa kuna maandishi yasiyo na kina: nembo ya mfalme au malkia, jina la mtengenezaji, pengine alama ya mji wa Solingen huko Ujerumani. Mengi yalichorwa kwa tindikali, na msasa huyamaliza kwa dakika chache. Vitara vingi vya wapanda farasi wa Ufaransa vina jina la kiwanda, kama Klingenthal au Châtellerault, pamoja na mwezi na mwaka, kwenye mgongo wa ubapa. Panga nyingi za maafisa zilizotengenezwa na Wilkinson wa London tangu miaka ya 1850 zina namba mahali hapohapo, na kwa kuwa madaftari ya kiwanda yalihifadhiwa, namba hiyo yaweza kukupeleka hadi kwa jina la afisa aliyeununua. Ukiisugua ikapotea, umebaki na upanga usio na mwenyewe.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Panga nyingi za maafisa za mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 zilipakwa rangi ya buluu na kupambwa kwa dhahabu. Buluu ile si rangi ya kopo. Ni utando wa oksidi uliotokana na kukipasha chuma moto, mwembamba mno. Dawa ya kuondoa kutu haitofautishi kati yake na kutu. Huvila vyote viwili.

Kwa hiyo kukarabati, kwa mkusanyaji, ni kuisimamisha kutu hai na kuishia hapo. Paka mafuta mepesi ya mashine na uyaache siku moja au mbili yalainishe. Kisha sugua taratibu kwa sufu ya chuma laini kabisa, namba 0000, palepale penye wekundu tu, mbali na maandishi. Kidonda kigumu huchokolewa kwa ncha ya shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma na haikikwaruzi. Mashine ya kung'arisha isisogee kabisa: hulainisha pembe kali za ubapa na hazirudi. Ukimaliza, paka nta. Wengi hutumia Renaissance Wax, iliyotokana na kazi ya British Museum katika miaka ya 1950. Vaa glavu, maana chumvi ya jasho huanzisha kutu upya. Wala usiuhifadhi upanga ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na huwa na asidi.

Kipini cha shaba nacho kisipakwe dawa yenye amonia. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India liliona maganda yake ya risasi ya shaba yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, yalipohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na chanzo kilikuja kujulikana kuwa amonia ya mkojo wa farasi. Shaba iliyofuliwa kwa nguvu kiwandani hupasuka hivyohivyo.

Panga za Japani zina desturi tofauti kidogo. Huko ubapa husuguliwa kwa mawe na fundi aliyejifunza kwa miaka, na kazi hiyo huheshimiwa. Lakini mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini hausafishwi kamwe, kwa sababu rangi ya kutu yake husaidia kukadiria umri. Baadhi ya panga walizobeba maafisa wa Japani katika Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na ubapa wa karne nyingi kabla, uliovalishwa mpini wa kijeshi, na kutu hiyo ni mojawapo ya shahidi wanaoutenganisha na ubapa wa wakati wa vita. Fundi hupitisha mawe yake hadi mkia unapoanzia, kisha hunyanyua mkono.