Rejeta ya hita "orijino" ni ipi hasa?

Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kuulizia rejeta ya hita ya gari la zamani, neno la kwanza utakalosikia ni "orijino". Limezoeleka mno hata halimsaidii tena mnunuzi, na kwenye kifaa hiki linamtia hasara kubwa.

Rejeta ya hita ni ile rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita ndani yake, feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, abiria wanapata joto na kioo cha mbele kinatoka ukungu. Ikitoboka, zulia hulowa, kioo hushika utando kama wa mafuta, na harufu tamutamu ya kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza injini, hujaa ndani. Dar es Salaam fundi huunganisha paipu mbili zinazoingiza na kutoa maji ya rejeta hiyo huko huko kwenye injini, hita ikasahaulika. Mwenye pikapu ya zamani isiyo na AC kule Makete au Limuru hana njia hiyo, kwa sababu asubuhi ya Julai atashindwa kuona barabara.

Sasa tuje kwenye majina. Jenuini ni spea mpya iliyouzwa ndani ya boksi la kampuni ya gari, yenye namba ya kampuni hiyo. Kwa Toyota, namba ya rejeta ya hita huanza na 87107. OEM ni spea mpya ya kiwanda kinachoitengenezea kampuni ya gari vifaa vyake, ila hii imewekwa kwenye boksi la kiwanda chenyewe. Denso ndio mfano ulio karibu nasi: ilikuwa idara ndani ya Toyota, ikatengwa kuwa kampuni yake mwaka 1949, na mpaka leo inaitengenezea Toyota vifaa vingi vya hita na AC. Halafu kuna viwanda vingine vinavyotengeneza kwa jina lao wenyewe, kama Nissens ya Denmark. Kuziita spea hizo feki ni kuzionea. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine.

"Orijino" ya dukani mara nyingi si mojawapo ya hizo. Ni mtumba, yaani rejeta iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwakatwa Japani. Mantiki ya muuzaji naielewa: ilitoka kiwandani pamoja na gari, kwa hiyo ni ya asili. Ni kweli, lakini asili inakueleza ilikotoka tu. Haikuelezi imebakiza maisha kiasi gani, na rejeta huzeeka kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Dawa za kuzuia kutu zilizomo kwenye kulanti huisha nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Aliyekuwa akiongeza maji ya bomba ameacha ukoko wa chumvichumvi kwenye vijibomba. Kisha rejeta imefunguliwa, ikamwagwa maji na kusafirishwa ikiwa kavu, hewa ikichezea mabaki yaliyobaki ndani. Nje inang'aa. Ndani ukuta wa alumini unaweza kuwa umelika na kubaki mwembamba kama karatasi.

Nani atalipa dashibodi ifunguliwe mara ya pili? Kwenye magari mengi kazi hiyo humla fundi siku nzima, na ufundi unaweza kuizidi bei ya spea. Ulichookoa kwa kununua mtumba kinaishia hapo. Yapo magari ambayo rejeta huchomolewa kwa chini baada ya kufungua skrubu chache. Kwa hayo, mtumba unaweza kuujaribu bila kuumia sana.

Jambo jingine linalonikera ni wanaosema "shaba ndiyo orijino". Magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yalikuja na rejeta ya shaba, na uzuri wake ni kwamba fundi rejeta anaweza kuilehemu ikivuja. Baadaye viwanda vikahamia alumini, ambayo ni nyepesi na bei nafuu lakini ngumu kutengenezeka ikishatoboka. Kwa hiyo orijino ya gari lako inaweza kuwa ya alumini kabisa, na ya shaba ikawa ya kiwanda kingine, tena nzuri. Kinachoamua ni vipimo, mahali zinapokaa paipu, na namba inayolingana na chesisi.

Ikiwa modeli yako haina tena spea mpya na mtumba ndio uliobaki, ipimwe kabla ya kufungwa. Isukumwe maji pande zote mbili mpaka yatoke safi, izibwe, ijazwe upepo wa kiasi kile kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta kubwa, kisha izamishwe kwenye beseni la maji kuona kama inatoa mapovu. Upepo wa kompresa usifunguliwe wote, maana utapasua hata iliyo nzima. Mfumo mzima wa maji usafishwe pia. Kulanti chafu itaila rejeta mpya kama ilivyoila ya zamani.

Muuzaji anayeiita rejeta ya mtumba "orijino" si lazima awe mwongo. Namwomba tu aongeze neno moja, "iliyotumika". Na wewe mnunuzi, badala ya kuuliza kama ipo orijino, uliza: ni mpya au imetumika, imetengenezwa na nani, na namba yake ni ipi?