Kwa nini kikokotoo cha mwaka 1975 huwekewa bodi mpya?

Kama umewahi kufungua rimoti iliyosahaulika kabatini, ukakuta betri zimetapika unga mweupe na springi zimeota kutu ya kijani, basi ugonjwa unaoua vikokotoo vya zamani unaujua tayari.

Chukua HP-25, kikokotoo cha mkononi kilichotoka Marekani mwaka 1975 kwa bei ya dola 195. Namba zake ni nyekundu za kung'aa, na unaweza kukiwekea programu ya hatua 49. Kinatumia betri mbili za kuchaji, za nikeli na kadimi. Zikizeeka huvuja potasi kali, nayo haiishii kwenye springi. Hutambaa hadi kwenye bodi, yaani ubao unaobeba vipande vya umeme, na kutafuna njia za shaba zinazopitisha umeme. Siki huizima potasi, lakini shaba iliyokwisha kuliwa hairudi. Ukiigusa njia kama hiyo kwa chuma cha kulehemu, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Kuna hatari nyingine, tena mbaya zaidi. Chaja ya HP-25 haina kitu cha kudhibiti volti. Kazi hiyo waliiachia betri yenyewe. Sasa kutu inapoitenga betri, mwenye mali anaona kikokotoo kimezima, anachomeka chaja. Nani asingefanya hivyo? Volti zinapanda bila kizuizi na kuunguza chipu kuu. Chipu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vikokotoo vya HP vya enzi hizo tu, na haitengenezwi tena. Kwa maoni yangu hili ni kosa la usanifu, hata kama mashine yenyewe ni nzuri ajabu.

Kama chipu ni nzima na bodi ndiyo iliyooza, fundi huinakili bodi. Anang'oa vipande vyote, anapiga skani pande mbili, kisha anachora upya kila njia kwenye kompyuta kwa programu kama KiCad. Picha peke yake hudanganya, maana njia iliyokatika yaweza kuonekana nzima. Kwa hiyo mita ya kupimia umeme inashikwa mkononi muda wote: ncha moja hapa, nyingine pale, ikilia njia ipo. Vipimo navyo havina msamaha. Miguu ya chipu za enzi hizo ilipangwa kwa inchi, mguu hadi mguu 2.54 mm, na tundu la skrubu likihama milimita moja kasha halifungi.

Chipu ikiwa imekufa, bodi mpya hubeba chipu ndogo ya kisasa inayoigiza ile ya zamani. Haipewi hesabu za kisasa. Inasoma maagizo yaleyale ya kiwandani, neno kwa neno la biti 10 (yaani sifuri na moja kumi), na kuzungusha namba za tarakimu 14 kama zamani, hata makosa madogo ya kukadiria desimali yakabaki yaleyale. Vitufe, taa na kasha ni vya 1975. Ukiwasha, inatokea 0.00.

Faili la mchoro hutumwa kiwandani. Viwanda vingi vinavyopokea kazi ndogo huanzia vipande 5, kwa hiyo aliyetaka bodi moja hubaki na nne, na hazichelewi kupata wenyewe.