Nkungwe, Kungwe na herufi iliyoachwa njiani

Kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya milima ya Mahale, kusini mwa mji wetu wa Kigoma, ni Nkungwe, chenye kimo cha mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita zipatazo 773, abiria anayepita kwa boti huona karibu mita 1,700 za mlima zikipanda moja kwa moja kutoka majini, misitu ikianzia karibu na ufukwe. Kazi yangu ni kuchambua majina ya mahali, na sijui jina jingine ninaloulizwa mara nyingi kama hili.

Wengi huja na jibu lao tayari: Nkungwe limetokana na ukungu. Dhana hiyo inavutia, maana kilele hufunikwa na mawingu mara kwa mara, lakini kisarufi inachechemea. Ni kweli kwamba u ikikutana na e inaweza kuwa w, kama mu- inavyokuwa mw- katika neno mwembe. Tatizo ni hiyo e yenyewe. Kiambishi tamati -e kinachounda nomino hukaa juu ya mzizi wa kitenzi: tuma hutupa mtume, umba hutupa kiumbe, shinda hutupa mshinde. Ukungu si kitenzi. Isitoshe, jina hili si la Kiswahili hata kidogo. Ni la Watongwe, wenyeji wa milima hiyo, ambao lugha yao huiita Sitongwe, na ambao wanakiheshimu kilele hicho kama mahali patakatifu. Kulitafutia maana katika kamusi ya Kiswahili ni kubisha hodi nyumba isiyo yenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi unahusu safari ya jina hilo kuelekea kwenye ramani, na hapo ndipo N ilipopotea. Siku moja, mwaloni Ujiji, nilisema “Kungwe” mbele ya mzee mmoja wa Kitongwe aliyekuwa akisubiri boti ya kwenda kusini. Akanirekebisha kwa upole: “Siyo Kungwe, mwalimu. Nkungwe.” Sauti ya mwanzo aliishikilia puani kama ng' ya ng'ombe, kisha ndipo akaiachia k.

Kiswahili hakiipendi sauti hiyo mbele ya k. Neno letu kuku, kwa majirani zetu Waha, ni inkoko. Nasi zamani tulikuwa na king'ong'o hicho, kikafifia, kikabaki kama mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na k, unaosikika hadi leo kwa wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili aliyetaja mlima huu kwa mgeni mwenye daftari alikuwa na kila sababu ya kusema Kungwe, na ramani zikachapwa hivyo hivyo: Rasi ya Kungwe, Ghuba ya Kungwe. Hata ndege mdogo wa jamii ya apalisi, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa ndege Moreau mwaka 1941, anaitwa apalisi wa Kungwe.

Jina la safu nzima lilipata misukosuko zaidi, na hapa naomba msomaji aniruhusu nicheke kidogo. Wataalamu wa ndege waliandika Mahari. Toshisada Nishida wa Japani, aliyeanza kuchunguza sokwe wa huko mwaka 1965, aliandika Mahali katika makala yake ya mwaka 1968. Milima ikawa mara ya kulipia mke, mara ya popote pale! Kubadilishana kwa l na r ni jambo la kawaida katika lugha nyingi za Kibantu, ila mgeni anapoazima tahajia ya neno analolifahamu, jina hupata maana lisiyokuwa nayo. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1985, tahajia ya Mahale ndiyo iliyoshika.

Kwa maoni yangu, kosa la N lingesahihishwa mapema kama wenye jina wangekuwa bado wanaishi chini ya kilele. Hata hivyo, makazi ya Watongwe katika milima ile yaliondolewa miaka ya 1970, na watoto wao sasa hulijifunza jina kutoka kwenye ramani kabla ya kulisikia kwa babu.

Katika orodha yangu nimeamua kuandika Nkungwe kwa kilele na Mahale kwa safu, na Kungwe nimeiachia ghuba, rasi na yule ndege.