Rais wa Marekani kasaini: kipi kimebadilika, kipi bado

Tarehe 20 Januari, saa sita kamili mchana kwa saa za Washington, muhula wa rais mmoja hukoma na wa mwenzake huanza. Kalamu haikawii kutolewa. Mwaka 2021 Joe Biden alisaini amri za kiutendaji 9 siku ya kwanza. Mwaka 2025 Donald Trump alisaini 26. Ikifika jioni, vijiwe na makundi ya WhatsApp, kuanzia Minneapolis mpaka Mombasa, yameshagawanyika: huku wanalia kwamba mambo yamekwisha, kule wanasema hizo ni mbwembwe za kamera. Pande zote mbili mara nyingi zimesoma kichwa cha habari tu.

Dhana: Rais akishasaini, hiyo ni sheria ya nchi.

Sheria hutungwa na Kongresi, yaani bunge la Marekani. Amri ya kiutendaji ni maagizo ya rais kwa watumishi wa serikali kuu walio chini yake, na ni lazima isimame juu ya kitu: ama Katiba, ama sheria ambayo Kongresi ilishaipitisha. Kosa hapa lilimgharimu Rais Harry Truman. Tarehe 8 Aprili 1952, katikati ya vita vya Korea, aliamuru serikali ichukue viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Hata miezi miwili haikutimia: tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilisema hakuwa na mamlaka hayo, na viwanda vikarudi kwa wenyewe.

Kingine kinachoangusha amri ni fedha. Mfuko uko mikononi mwa Kongresi. Barack Obama, siku mbili tu baada ya kuapishwa, yaani tarehe 22 Januari 2009, aliamuru gereza la Guantanamo, lililoko Cuba, lifungwe ndani ya mwaka mmoja. Watu walishangilia. Kongresi ikakataza fedha za umma zisitumike kuhamishia wafungwa hao ndani ya Marekani, na gereza likabaki wazi hadi alipoondoka Ikulu mwaka 2017.

Kwa hiyo ukipata nakala ya amri, anza na ibara ya kwanza inayotaja sheria iliyompa rais mamlaka. Kisha tazama vitenzi. "Waziri alete ripoti ndani ya siku 90" si sawa na "malipo yasimame mara moja". La kwanza halijagusa mtu yeyote bado. Halafu shuka mpaka mwisho. Karibu kila amri hufungwa kwa maneno yaleyale: itatekelezwa kwa kufuata sheria zilizopo, kwa kadiri fedha zilivyotengwa, na haimpi mtu haki ya kudai mahakamani. Yanaonekana mapambo ya kisheria, lakini ndiyo yanayoeleza kwa nini amri nyingi zinazoanza kwa kishindo huishia kwenye ripoti.

Dhana: Basi ni makaratasi tu, hayana madhara mpaka mahakama iseme.

Hili ni kosa la upande wa pili, na kwetu Afrika Mashariki ndilo lililouma zaidi. Miongoni mwa amri za 20 Januari 2025 kulikuwa na ile ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tarehe 24 Januari miradi ikaanza kuletewa maagizo ya kusimamisha kazi. Siku nne baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatoa ruhusa maalumu kwa misaada ya kuokoa maisha, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI chini ya PEPFAR, mpango ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003, zikaingizwa humo.

Wengi walipumua wakidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na sababu yake ni ya kiutendaji. Kidonge hakitembei chenyewe. Kuna dereva, mtunza stoo, mpimaji wa maabara, mwingiza takwimu, na mhudumu wa ngazi ya jamii anayemfuata mgonjwa aliyeacha dozi. Wengi wao walikuwa wakilipwa na mashirika yaliyokwisha kuambiwa wasimame. Ruhusa ilitoka kwenye barua, lakini mfumo wa malipo haukufunguka kwa kasi hiyo, na waliokwisha kusimamishwa kazi hawakurudishwa na barua hiyo.

Mahakama ilisaidia, kwa kipimo chake. Tarehe 5 Machi 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuzuia agizo la jaji lililoitaka serikali ilipe takriban dola bilioni 2 kwa kazi ambazo zilikwisha kufanyika. Kulipwa deni la jana ni jambo moja. Kliniki kufunguliwa kesho ni jambo jingine. Kufikia 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imekoma kuendesha misaada, na yaliyobaki yakahamia Wizara ya Mambo ya Nje.

Dhana: Jaji mmoja akizuia, amri imekufa.

Fuata safari ya amri ya Trump ya mwaka 2017 iliyopiga marufuku raia wa nchi kadhaa kuingia Marekani. Ilisainiwa 27 Januari, ikaanza kazi papo hapo, wasafiri wengine wakiwa bado angani. Iligusa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwemo. Kesho yake jaji wa Brooklyn alizuia waliokwama wasirudishwe, huku viwanja vya ndege vikifurika waandamanaji. Tarehe 3 Februari jaji wa Seattle akaizuia nchi nzima. Shangwe. Lakini serikali ikaiandika upya mwezi Machi, ikaiandika tena Septemba, na tarehe 26 Juni 2018 toleo hilo la tatu likapita Mahakama ya Juu kwa 5 dhidi ya 4. Lilidumu mpaka Biden alipolifuta siku yake ya kwanza.

Tena, zuio la jaji lenyewe limepunguzwa makali. Amri ya 2025 ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani ilizuiwa na jaji wa Seattle baada ya siku tatu tu. Ilipofika Mahakama ya Juu, uamuzi wa 27 Juni 2025 haukugusa kabisa swali la uraia. Ulichosema ni kwamba majaji wa ngazi ya chini kwa kawaida hawana uwezo wa kutoa zuio linalomkinga kila mtu nchini, hata asiyekuwemo kwenye kesi. Mawakili wakageukia kesi za kundi, ambako wachache hushtaki kwa niaba ya wote walio katika hali moja, na tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire akaizuia amri ileile kwa njia hiyo.

Dhana: "Kongo imepigwa marufuku."

Ipi? Orodha ya Trump ya nchi ambazo raia wake walizuiwa kuingia Marekani, iliyoanza kazi 9 Juni 2025, ilitaja Jamhuri ya Kongo, yaani ya Brazzaville. Kinshasa haikuwemo, na watu wa Goma na Lubumbashi waliosambaziwa ujumbe ule walitishwa bure. Burundi iliwekwa kwenye vizuizi vya sehemu, yaani vya baadhi ya aina za viza tu. Tanzania iliongezwa kwenye kundi hilo la sehemu kwa tangazo la Desemba 2025, lililoanza kazi 1 Januari 2026.

Katika matangazo haya soma misamaha kabla ya orodha. Mwenye makazi ya kudumu hakuguswa. Viza iliyokwisha kutolewa kabla ya tarehe ya kuanza haikufutwa na tangazo lenyewe. Mwenye uraia pacha akisafiri kwa pasipoti ya nchi isiyotajwa, hahesabiwi. Anayebanwa ni yule aliye nje ya Marekani na hana viza halali siku tangazo linapoanza. Mwaka 2017 mambo hayakuwa wazi hivyo: hata wenye makazi ya kudumu walikwama kwa siku kadhaa kabla serikali haijafafanua.

Dhana: Hakuna rais aliyewahi kusaini amri nyingi hivi.

Franklin Roosevelt alisaini zaidi ya 3,700 katika miaka yake kumi na miwili. Idadi haisemi mengi. Amri moja inaweza kuunda kamati, nyingine ikafunga mpaka.

Dhana: Wananchi wakiandamana vya kutosha, rais ataondolewa.

Katiba ya Marekani haina kura ya kumrudisha rais nyumbani kabla ya muhula kwisha. Baraza la Wawakilishi linaweza kumshtaki kwa wingi wa kawaida wa kura, lakini kumwondoa kunataka theluthi mbili za Seneti. Andrew Johnson, Bill Clinton, na Trump mara mbili, wote walishtakiwa, hakuna aliyeondolewa.

Maandamano hufanya kazi kwa mzunguko, kwa kumtia hofu mbunge anayetazama uchaguzi ujao. Iko njia nyingine isiyo na kelele. Wizara ikitaka kugeuza amri kuwa kanuni, sheria ya mwaka 1946 kwa kawaida huilazimu itangaze rasimu, ipokee maoni, mara nyingi kwa siku 30 hadi 60, na ijibu hoja nzito zilizotolewa. Maoni elfu kumi yaliyonakiliwa neno kwa neno huhesabika kama hoja moja. Ukurasa mmoja wa mtu anayeonyesha kanuni itavuruga nini kazini kwake, na kwa gharama gani, huenda ukapuuzwa na wizara, lakini unaingia kwenye jalada, na wakili akienda mahakamani baadaye, jalada hilo ndilo analofungua mbele ya jaji.